Mwongozo kamili: kufundisha sayansi ya kompyuta kwa Scratch mpaka mtoto aelewe, sio mpaka paka acheze tu

Walimu na wasimamizi wa klabu za kompyuta wanarudi na kilio kilekile. Watoto wamesoma Scratch muhula mzima, ile lugha ya kutengeneza programu kwa kuunganisha bloku badala ya kuandika, paka wake anacheza, anabadilika rangi, analia miau, lakini ukimpa mtoto karatasi yenye programu ya bloku sita ukamuuliza hii itatoa nini, anakuangalia tu. Yaani amejua kuburuta bloku lakini sayansi ya kompyuta yenyewe haijaingia kichwani.

Tatizo halipo kwa mtoto wala kwenye Scratch, lipo kwenye mpangilio wa somo. Bloku zinaondoa shida ya kukosea herufi na mabano, basi, kufikiri haziwezi kumfikiria mtu. Kwa hiyo humu kila hatua ina dhana moja tu, na kuna sheria moja inayopita hatua zote: mtoto habonyezi bendera ya kijani (kitufe cha kuanzisha programu) kabla hajaandika kwenye daftari anadhani nini kitatokea. Ukiiacha hiyo sheria, mengine yote humu ni mapambo.

Inafaa kwa watoto wa kuanzia miaka 8 au 9 hivi mpaka wa sekondari wanaoanza somo la kompyuta. Wadogo zaidi, wa miaka 5 mpaka 7, wana ScratchJr ya kwenye tableti, hiyo ni habari nyingine.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kompyuta au laptopu, hata chache. Wawili kwa mashine moja ni sawa kabisa, watatu mwisho. Mmoja ni dereva anashika maus na kibodi, mwenzie ni kondakta anasoma kazi na kuelekeza. Kila baada ya dakika kumi wanabadilishana, na kondakta haruhusiwi kugusa maus hata akiwashwa vipi.
- Scratch ya kuweka kwenye mashine, ile isiyohitaji intaneti. Inataka Windows 10 kwenda juu. Daunilodi faili lake mara moja, liweke kwenye flashi, zunguka nalo mashine kwa mashine, usiunguze bando kila laptopu kivyake.
- Kama mashine zako ni za zamani sana, tumia Scratch 1.4. Sura yake imechakaa lakini karibu kila kitu humu kinafanya kazi, ukitoa hatua ya 7. Angalia tu kwamba mafaili ya 1.4 yanafunguka kwenye Scratch mpya ila ya Scratch mpya, yenye mwisho wa .sb3, hayafunguki kwenye 1.4.
- Daftari na penseli kwa kila mtoto. Sio kwa kila kundi, kwa kila mtoto.
- Chaki na nafasi kidogo sakafuni.
- Projekta ukiwa nayo, ukikosa ubao unatosha.

Simu weka pembeni. Kupanga bloku kwenye kioo kidogo kile ni mateso, watoto watamalizia nguvu zote kwenye vidole. Tableti inafaa.

Kuhusu lugha, kwenye menyu ya juu kuna sehemu ya kubadili na Kiswahili kimo. Amua moja mapema kisha mashine zote ziwe hivyohivyo, maana hamna kitu kinapoteza muda kama mwalimu kutaja bloku kwa jina moja na nusu ya darasa wanaona jingine. Humu nimeandika majina ya bloku kama yanavyosomeka skrini ikiwa ya Kiingereza kwa sababu ndo hali ya maabara nyingi.

Na umeme. Scratch ya kwenye mashine haisevu yenyewe, umeme ukikatika kazi imeenda. Wazoeshe kusevu kila wakimaliza kipande, na jina la faili liwe na jina lao na namba ya hatua, la sivyo baada ya wiki mbili utakuwa na mafaili arobaini yanayoitwa Scratch Project.

## Hatua ya 1: Zima kompyuta, mwalimu awe roboti

Simama nyuma ya darasa. Waambie wewe ni roboti, unajua maneno matatu tu: nenda hatua kadhaa, geuka kulia, geuka kushoto. Kazi yao ni kukufikisha mlangoni. Waandike maagizo yote kwanza, ndo uanze kutembea.

Hapo tii kila neno. Wakisema nenda hatua kumi na mbele kuna dawati kwenye hatua ya sita, gonga dawati uendelee kukanyaga palepale. Watacheka, watapiga kelele "simama mwalimu!", wewe usisimame kwa sababu neno simama halimo kwenye maneno yako matatu.

Sababu ya hii ni kwamba mtoto anayeanza anaamini kompyuta inajua anachotaka. Akishakuona unagonga dawati kwa sababu wao wameandika kumi badala ya tano, hoja imeisha bila hotuba. Usizidishe dakika ishirini, ikizidi inakuwa mchezo tu.

Umefanikiwa ukisikia mmoja anabishana na mwenzie kwenye daftari "hapa tumekosea, alitakiwa ageuke kwanza". Hawamlaumu tena roboti.

## Hatua ya 2: Mfululizo, bila lupu kabisa

Sasa washeni mashine. Kwenye kona ya chini kushoto kuna kitufe cha kuongeza bloku za ziada, chagueni Pen, yaani kalamu. Kazi ni kuchora mraba, na lupu, yaani bloku ya kurudiarudia, ni marufuku hata kama kuna mtoto anaijua tayari.

Waanze na bloku za kusafisha:

when green flag clicked
pen up
erase all
go to x: 0 y: 0
point in direction 90
pen down

Alafu zifuate `move 100 steps` na `turn right 90 degrees`, mara nne, jumla bloku nane. Kati yake wachomeke `wait 0.5 seconds`. Usiiruke hii wait, kwa sababu bila hiyo mraba unatokea wote kwa mpigo na mtoto haoni kwamba kuna mpangilio wa moja baada ya nyingine, anaona picha imetokea tu kama stika.

Jukwaa la Scratch, yaani eneo anapochezea paka, lina upana wa 480 na urefu wa 360, katikati ni 0,0, kwa hiyo x inatoka -240 mpaka 240 na y kutoka -180 mpaka 180. Waeleze mapema kwa kuchora ubaoni. Upande 90 ni kulia, 0 ni juu, -90 kushoto, 180 chini.

Sasa fanya jaribio hili, ni zuri sana. Waambie waitoe `pen up` ile ya mwanzo. Waiendeshe, mraba uko sawa. Waburute paka kwa maus mpaka pembeni, wabonyeze bendera tena. Sasa kuna mstari wa ajabu umekatiza kutoka pembeni mpaka katikati. Waulize umetoka wapi, na usijibu wewe. Jibu ni kwamba kalamu ilibaki chini tangu mara iliyopita, paka alipofuta na kurudi 0,0 alikuwa anaburuta wino njia nzima. Watoto wakilipata hili wenyewe wamejifunza mambo mawili makubwa, kwamba mpangilio wa maagizo una maana, na kwamba programu inakumbuka hali iliyoachwa nyuma.

Matatizo ya kawaida hapa ni mawili. Paka kupotea nje ya jukwaa, dawa ni `go to x: 0 y: 0`. Na paka kusimama kichwa chini akigeuzwa kushoto, dawa ni bloku ya `set rotation style` iwekwe left-right. Hayo sio ya kukaa nayo.

Utajua hatua imekaa ukifuta bloku moja ya kugeuka katikati ya programu bila kuiendesha, ukamwambia mtoto achore kwenye daftari umbo litakalotokea, na akalichora sawasawa.

## Hatua ya 3: Lupu, na pembetatu inayowashinda wote

Baada ya kupanga bloku nane kwa mkono watoto wenyewe wataanza kulalamika kwamba zinajirudia. Subiri hicho kilio ndo ulete `repeat 4`. Ukiileta mapema inakuwa bloku moja kati ya mia, ukiileta wamechoka inakuwa msaada na wanajua inasaidia nini.

Kisha waambie wachore pembetatu yenye pande sawa. Karibu darasa zima wataweka repeat 3 na turn 60, maana shuleni wamefundishwa pembe za pembetatu hiyo ni nyuzi 60. Wabonyeze. Umbo halifungi, inatokea nusu ya umbo la pande sita.

Usiwape jibu hapo, wapeleke kwenye chaki. Chora pembetatu kubwa sakafuni, mtoto mmoja atembee juu ya mstari, akifika kona ageuke, wengine waangalie mwili wake umezunguka kiasi gani. Ataona amegeuka sana, zaidi ya robo mzunguko. Pembe ya ndani ni 60 lakini anachogeuka yeye ni ile ya nje, 180 toa 60, yaani 120.

Alafu wajaze jedwali hili wenyewe kwa kujaribu:

pande 3, geuka 120
pande 4, geuka 90
pande 5, geuka 72
pande 6, geuka 60
pande 8, geuka 45

Ukifika kwenye pande 8 punguza hatua kutoka 100 iwe 60, la sivyo umbo linatoka nje ya jukwaa kwa chini. Muda si mrefu kuna mtoto atasema ukizidisha pande kwa pembe unapata 360 kila mara. Akishasema, mwambie aandike ubaoni yeye, na hiyo fomula mtaitumia tena hatua ya 7.

Mwisho wa hatua hii ni lupu ndani ya lupu. Repeat 36, ndani yake ule mraba mzima wenye kila upande hatua 100, kisha turn 10. Inatoka ua zuri sana na hapo ndo walimu wengi wanaishia, watoto wanashangilia kengele inalia. Usiishie hapo. Kabla hawajaiendesha waulize bloku ya `move` itafanya kazi mara ngapi. Wengi watasema 40, wamejumlisha 36 na 4. Jibu ni 144, kwa sababu kila mzunguko wa nje unaendesha mizunguko minne ya ndani. Mtoto asiyebanwa hapa utamkuta mbele kwenye mada ya gharama ya algoridhimu (mpangilio wa hatua za kutatua tatizo) hajui kwa nini lupu mbili zilizopandana zinakula muda.

Ukitaka waone mzunguko mmoja mmoja rudisha wait. Ukitaka kasi, itoe.

## Hatua ya 4: Masharti, yaani if

Hii ndo hatua inayoangusha wengi kwa hiyo msiikimbie. Kuna makosa mawili na yote mawili inabidi myafanye kwa makusudi.

Kosa la kwanza ni if iliyosimama peke yake. Wape hii:

when green flag clicked
if touching mouse-pointer then
   say "Umenikamata"

Waandike ubashiri. Watasema ukimgusa paka kwa maus ataongea. Wabonyeze bendera, wapeleke maus kwa paka, kimya. Watajaribu tena na tena, watasema kompyuta mbovu.

Kinachotokea ni kwamba if inauliza swali mara moja tu, palepale bendera ilipobonyezwa, na wakati huo maus ilikuwa juu kwenye bendera, sio kwa paka. Swali limejibiwa hapana na programu imeisha zamani. Watoto wanasoma if kama vile ni mlinzi anakaa kusubiri, wakati inauliza mara moja na kupita. Ukitaka iulize muda wote iweke ndani ya `forever`.

Wakishaiweka watagundua tatizo lingine, maneno ya paka hayaondoki hata maus ikiondoka, maana `say` isiyo na sekunde inaacha maneno yakiganda. Hapo ndo pa kuleta `if else`, kwenye else waweke say tupu isiyo na neno. Else imeingia kwa sababu ilihitajika.

Kosa la pili ni madaraja. Watoto wa Tanzania madaraja ya kidato cha nne wanayajua, A ni 75 mpaka 100, B 65 mpaka 74, C 45 mpaka 64, D 30 mpaka 44, chini ya hapo F. Waambie watengeneze programu inayouliza alama kwa `ask` na kutoa daraja, na wape muundo huu wa makusudi:

ask "Alama ngapi?" and wait
if answer > 74 then say "A"
if answer > 64 then say "B"
if answer > 44 then say "C"
if answer > 29 then say "D"

Ingiza 80. Inasema D! Darasa litalipuka. Wafuatilie kwa kidole, 80 inazidi 74 ikasema A, lakini hakuna kilichoizuia kuendelea, inazidi 64 pia ikasema B juu yake, ikaenda hivyo mpaka D, na macho yetu yanaona ya mwisho tu. Dawa ni kupanga if else ndani ya else ya mwenzie, ili ikishapata jibu moja yale mengine yasiguswe.

Kuna kitu kidogo hapo ukikijua unaokoa somo zima: Scratch haina bloku ya "kubwa au sawa na". Ina ndogo, sawa na kubwa basi. Ndo maana tumeandika > 74. Sasa mwambie mtoto mjanja aingize 74.5, itatoa A wakati hajafika 75. Njia safi ni bloku ya `not` ikiwa na `answer < 75` ndani, sio ndogo kuliko 75. Mabishano ya dakika tano juu ya 74.5 yana thamani kuliko kurasa kumi za noti za mantiki, na wenye hasira na madaraja hawakosekani.

Kama mnasomea Kenya au kwingine wekeni madaraja yenu, muundo ni uleule.

Mafanikio ya hatua hii ni mtoto kuchagua mwenyewe namba za kujaribia na kuchagua za mipakani, 74, 75, 64, 65, na sio 80 na 20 tu. Ukiona hivyo ujue ameanza kupima programu kama fundi.

## Hatua ya 5: Variabo na jedwali la kufuatilia

Weka variabo mbili, yaani visanduku vyenye jina vya kutunzia thamani, jumla na namba. Programu:

when green flag clicked
set jumla to 0
set namba to 1
repeat 5
   change jumla by namba
   change namba by 1

Kabla ya kuiendesha kila mtoto achore jedwali la safu tatu: mzunguko, jumla, namba. Ajaze mwenyewe. Linatakiwa liwe hivi:

mzunguko 1: jumla 1, namba 2
mzunguko 2: jumla 3, namba 3
mzunguko 3: jumla 6, namba 4
mzunguko 4: jumla 10, namba 5
mzunguko 5: jumla 15, namba 6

Angalia ile namba ya mwisho. Ukiuliza kwa mdomo bila jedwali wengi watasema 5 kwa sababu lupu imezunguka mara 5. Jedwali linawaumbua, na kwa maoni yangu hili jedwali ndo kifaa muhimu kuliko vyote kwenye mwongozo huu, hata kuliko kompyuta yenyewe. Watakaolizoea hapa watalitumia mpaka chuo.

Sasa haribu programu kwa njia tatu, moja moja, na kila mara watabiri kwanza.

Toa `set jumla to 0`. Kama jumla ilikuwa bado 0 mara ya kwanza inatoa 15, bonyeza tena inatoa 30, tena 45; kama ilishabaki na 15 inaanzia 30. Variabo haijisafishi bendera ikibonyezwa, inabaki na ilichoachiwa. Ni ile ile habari ya kalamu iliyobaki chini kwenye hatua ya 2, wakumbushe.

Rudisha, kisha pindua mpangilio ndani ya lupu, namba ipande kwanza ndo jumla iongezwe. Inatoka 20, maana imejumlisha 2, 3, 4, 5 na 6. Waulize wairekebishe bila kurudisha mpangilio. Jibu, namba ianze na 0.

Rudisha tena, badilisha `change jumla by namba` iwe `set jumla to namba`. Mwisho jumla ni 5. Hizi bloku mbili, set na change, zimekaa jirani na zinafanana rangi, watoto wanazichanganya kila siku. Set inatupa cha zamani na kuweka kipya, change inaongeza juu ya kilichopo.

Wakishaelewa wabadilishe repeat iwe 100, inatakiwa itoke 5050. Hapo hamna haja ya jedwali, ila mwambie mtoto aseme namba itaishia ngapi. Akisema 101 bila kugusa mashine, mpe mkono.

Onyo moja la kubofya: ukitengeneza variabo Scratch inauliza iwe ya spraiti zote (wahusika wa jukwaani kama paka) au ya spraiti hii tu. Kwa sasa chagueni ya zote. Mtoto akichagua nyingine alafu akahamia spraiti ya pili variabo haionekani, atadhani imefutika.

## Hatua ya 6: Mchezo wa kubahatisha namba, na hesabu iliyojificha ndani

Hapa ndo vyote vinakutana, pembejeo (anachoingiza mtumiaji), sharti, lupu, variabo, na zaidi ya hapo inaingia algoridhimu ya kweli.

when green flag clicked
set siri to pick random 1 to 100
set mara to 0
ask "Taja namba" and wait
change mara by 1
repeat until answer = siri
   if answer < siri then
      say "Taja kubwa zaidi" for 1 seconds
   else
      say "Taja ndogo zaidi" for 1 seconds
   ask "Jaribu tena" and wait
   change mara by 1
say join "Umepata, mara ulizojaribu ni " mara

Ondoa tiki kwenye variabo ya siri, la sivyo jibu linaning'inia pale juu ya jukwaa na mchezo umekufa. Na kwenye pick random waandike 1, wasiandike 1.0, ukiweka nukta inaanza kutoa namba zenye desimali na hakuna atakayepata jibu mpaka jioni.

Waache wacheze raundi chache, waandike mara walizojaribu. Wengine watapata kwa 12, wengine 5, wengine wanatembea 1, 2, 3, 4 kwa mpangilio. Alafu uliza swali lenyewe: mtu asiye na bahati kabisa lakini anacheza kwa akili, atahitaji mara ngapi kwa uhakika?

Waongoze kidogo. Ukitaja 50 ukaambiwa kubwa zaidi, zimebaki namba ngapi? Hamsini. Ukitaja 75, zinabaki 25. Ukitaja 88 zinabaki 12, 94 zinabaki 6, 97 zinabaki 3, 99 inabaki moja, nayo ni 100 yenyewe. Hesabu: 50, 75, 88, 94, 97, 99, 100. Mara saba. Haizidi saba kwa namba yoyote ile, wakati anayetembea moja moja anaweza kwenda mpaka 100.

Sasa ongeza. Ikiwa ni 1 mpaka 1000? Mara 10 zinatosha. 1 mpaka milioni moja? Mara 20. Subiri wabishe, wape wagawe kwa mbili kwenye daftari wenyewe mpaka wachoke. Hii ndo utafutaji kwa kugawa nusu, na mtoto wa darasa la sita anaielewa vizuri tu akiwa ameucheza.

Swali la kufunga hatua liwe hili: daftari la mahudhurio lina majina 100 yamepangwa kwa alfabeti, unaweza kutafuta jina kwa kugawa nusu? Ndiyo. Na kama majina yameandikwa kwa mtu alivyowahi kufika asubuhi? Hapana, maana ukifungua katikati hujui uende mbele au nyuma. Mtoto akisema hivyo kwa maneno yake umemaliza, njia hii inataka vitu vilivyopangwa.

## Hatua ya 7: Kutengeneza bloku yao wenyewe

Fupi tu. Kwenye My Blocks watengeneze bloku inaitwa chora umbo, yenye nafasi moja ya namba inayoitwa pande. Ndani yake: repeat pande, move 60, turn 360 gawa kwa pande. Ile fomula ya hatua ya 3 imerudi.

Sasa `chora umbo 3`, `chora umbo 5`, `chora umbo 8`, bloku moja maumbo yote. Maana yake kwa mtoto ni kwamba kitu ulichokitatua mara moja unakipa jina na hukitatui tena. Wengi wanasahau kuburuta kile kiduara cha pande kutoka kwenye kichwa cha bloku, wanajaribu kuandika neno pande kwa mkono ndani ya nafasi, na nafasi za namba kwenye Scratch hazikubali maneno. Ukiona umbo halitoki sawa angalia hapo kwanza.

## Hatua ya 8: Kutoka kwenye bloku kwenda Python

Python ni lugha ya programu inayoandikwa kwa maandishi badala ya bloku. Usiwarushe ghafla. Chukua programu wanayoijua, ile ya jumla, iandike ubaoni pembeni ya bloku:

jumla = 0
namba = 1
for i in range(5):
    jumla = jumla + namba
    namba = namba + 1
print(jumla)

Waoanishe kila mstari na bloku yake. Kwa kuchora kuna turtle inayokuja na Python yenyewe bila intaneti, `forward(100)` na `right(90)`, mraba wao wa hatua ya 2 unahamia kama ulivyo.

Mitego ni minne, itaje mapema. Kwenye Scratch alama ya = inauliza, kwenye Python = inaweka na kuuliza ni ==. Jibu la `input` kwenye Python ni maandishi, lazima uligeuze kwa `int` ndo uhesabu nalo, wakati Scratch inafanya hivyo kimyakimya. Orodha kwenye Scratch inaanza na nafasi ya 1, Python inaanza na 0. Na ule mdomo wa bloku unaomeza bloku nyingine umegeuka kuwa nafasi za mwanzo wa mstari, mtoto akizikosea programu inagoma au inafanya kingine kabisa.

## Kupima kama wameelewa

Pima kwenye karatasi, mashine zikiwa zimezimwa. Maswali matatu yanatosha. La kwanza, programu ya bloku sita au saba yenye lupu na variabo, mtoto ajaze jedwali na kutoa jibu la mwisho. La pili, programu yenye kosa moja pamoja na maelezo ya ilichotakiwa kufanya, atafute kosa. La tatu, bloku zimechanganywa kwenye vipande vya karatasi, azipange upya, na umtupie bloku moja ya ziada isiyohitajika.

Wakianguka swali la kwanza rudi hatua ya 5 na programu mpya, sio ile ile waliyoikariri. Wakianguka la pili inamaanisha ulikuwa unawarekebishia makosa haraka mno, kaa mbali na maus zao wiki ijayo. Wakianguka la tatu mara nyingi ni hatua ya 4, hawajui kipi kinakaa ndani ya lupu na kipi nje, wape ile ya paka na maus tena lakini safari hii spraiti ziwe mbili.

Na kama nusu ya darasa wamepita nusu hawajapita, waliopita wasipewe hatua mpya. Wape kazi ya kutengeneza programu zenye kosa kwa ajili ya wenzao, kosa moja tu lililofichwa vizuri, kisha wabadilishane mashine.